Waliagwa Mei, wakarudi Septemba: kisa cha msimu wa 11 wa 7th Heaven

Jumatatu ya tarehe 8 Mei 2006, saa mbili usiku, kituo cha WB cha Marekani kilirusha sehemu iliyotangazwa kuwa ya mwisho kabisa ya 7th Heaven, tamthilia ya Mchungaji Eric Camden, mkewe Annie na watoto wao saba. Waliotazama walifika takriban milioni 7.56. Kwa WB, kituo kidogo ambacho wakati huo kilikuwa chenyewe kinafungasha virago, idadi hiyo ilikuwa ya kujivunia. Kabla mwezi haujaisha, kituo kipya cha CW, kilichokuwa bado hata hakijaanza kurusha matangazo, kilitaja vipindi vyake vya mwaka wa kwanza, na 7th Heaven ilikuwemo. Familia iliyokwisha kuagwa kwa machozi ilikuwa inarudi.

Mwaka uliofuata tamthilia hiyo ikamalizika mara ya pili. Safari hii wastani wa watazamaji wa msimu mzima ulikuwa kama milioni 3.3. Zaidi ya nusu ya waliokuja kuaga hawakurudi kutazama.

Mashabiki wengi wanalo jibu la haraka: CW walikuwa na tamaa, basi. Mimi sioni hivyo. Ukiyatazama yaliyokuwa mezani kwao Mei ile, uamuzi wa kuirudisha ulikuwa na mantiki. Walichokosea ni maana waliyoipa ile milioni 7.56, kisha mambo mawili waliyoyafanya kati ya Septemba na Oktoba yakamalizia kazi. Ila juu ya yote hayo kulikuwa na tatizo ambalo kituo hakikuwa na uwezo wa kulitatua, nalo ni nyumba yenyewe ya mchungaji.

Tuanzie hapo, maana ndipo penye uzito.

7th Heaven ilianza tarehe 26 Agosti 1996. Mtunzi wake, Brenda Hampton, alitokea kwenye vichekesho vya televisheni. Mzalishaji mkuu alikuwa Aaron Spelling, mzee aliyejulikana zaidi kwa tamthilia za matajiri wenye visasi na mavazi ya bei mbaya. Hadithi iliwekwa Glenoak, mji wa kubuni huko California. Mchungaji ni wa kanisa la Kiprotestanti ambalo dhehebu lake halisemwi wazi, na ilikuwa hila nzuri ya biashara, kwa sababu kila mtu aliweza kudhani ni kanisa la kwao.

Itazame sehemu ya kwanza uone jinsi hadithi ilivyopangwa. Matt, kifungua mimba, anavuta sigara kwa siri. Mary anataka kujua busu linapigwaje. Lucy anasubiri hedhi yake ya kwanza kana kwamba ni barua ya kuitwa shule. Simon anamsumbua Mungu kwa maombi ya mbwa. Ruthie ni mdogo, yeye anasikiliza milangoni. Wakati huohuo wazazi wa Annie wanakuja kwa ziara, naye anaambiwa mama yake ana saratani ya damu, na habari hiyo inabidi ifichwe watoto wasiijue. Ndani ya dakika 45 hivi umepata nyumba moja yenye siri sita, kila moja ya umri wake, na baba mchungaji anayepita chumba kwa chumba akizifungua moja baada ya nyingine. Mbwa naye anapatikana, anaitwa Happy, na atakuwemo mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya mafanikio, kuliko mahubiri, kuliko maadili ambayo wahakiki waliyacheka miaka yote kumi. Watoto watano wa umri tofauti chini ya paa moja wanazaa visa visivyokwisha. Ukimaliza kisa cha sigara cha mkubwa, baada ya miaka miwili mdogo wake anakifikia, ila yeye atakiingia kwa mlango mwingine. Na juu ya watoto kuna baba ambaye kazi yake ni kusikiliza shida za watu, kwa hiyo hata wageni wana sababu halali ya kubisha hodi. Aliyewahi kukaa katika nyumba ya mchungaji anajua kwamba jikoni kwa mama mchungaji hapakosi mtu asiye wa familia anayelia au anayekula.

Mwaka 1999 waandishi wakaongeza mapacha, Sam na David, na sehemu ya kuzaliwa kwao, mwezi Februari, ilivuta watazamaji kama milioni 12.5. WB haikuwahi kupata tena idadi kama hiyo. Familia ikawa ya watoto saba, na wakati huo ilionekana akiba ya visa imejazwa tena kwa muongo mzima.

Lakini mtoto wa televisheni hukua kama mtoto mwingine yeyote, na mwigizaji wake hukua haraka zaidi. Jessica Biel, aliyeigiza Mary, alichoka mapema, na waandishi wakampeleka Mary kwa babu yake Buffalo baada ya mfululizo wa makosa yaliyoanza na kuharibu ukumbi wa michezo wa shule. Matt akawa daktari, akamwoa Sarah, binti wa rabi. Mchungaji na rabi wakabaki kukodoleana macho kwenye meza ya harusi, na ni katika mambo machache ambayo tamthilia hii iliyaandika kwa ucheshi wa kweli. Simon akaenda chuo. Lucy akaolewa na polisi, Kevin, akasomea uchungaji akawa msaidizi wa baba yake kanisani. Kufikia msimu wa kumi waliobaki nyumbani ni Ruthie, ambaye naye alikuwa karibu kumaliza shule, na mapacha wa miaka saba.

Sasa hesabu ya fedha. Nchini Marekani kituo hulipa studio ada kwa kila sehemu ya tamthilia, na kadiri tamthilia inavyozeeka ndivyo mikataba ya waigizaji inavyopanda kila inapojadiliwa upya. Studio yenyewe hupata faida yake baadaye, inapouza marudio kwa vituo vingine. Kwa hiyo msimu wa pili au wa tatu studio hubembeleza kuendelea hata kwa hasara, maana inataka sehemu zitakazotosha kuuzwa kama marudio. Msimu wa kumi, ikiwa na sehemu zaidi ya 200 ghalani, haina tena haraka hiyo. Upande wa kituo hali ni mbaya zaidi: taarifa za wakati ule zilitaja hasara ya takriban dola milioni 16 kwa WB kwa mwaka huo mmoja wa 7th Heaven. Juu ya hilo, WB ilikuwa ya Time Warner ilhali Spelling Television, studio iliyotengeneza 7th Heaven, ilikuwa mikononi mwa washindani wake, kundi la Paramount, ambalo mwanzoni mwa 2006 lilijikuta upande wa CBS. Mtu hawezi kuendelea kumtajirisha mshindani wake kwa hasara. Novemba 2005 WB ikatangaza kwamba msimu wa kumi ndio wa mwisho.

Tarehe hiyo ishikilie. Novemba 2005 waandishi walianza kuandika mwisho, na waliuandika kama mwisho hasa. Tarehe 24 Januari 2006 ndipo ilipotangazwa kwamba WB na UPN, kituo kingine kidogo kilichokuwa cha CBS, zitafungwa zote mbili na kuzaa CW, nusu ya CBS, nusu ya Warner Bros. Ghafla hesabu ikabadilika. Anayelipa ada na anayepokea ada sasa walikuwa na mfuko wa pamoja, angalau nusu yake. Lakini hadithi ilikuwa imeshaanza kufungwa.

Na ilifungwa kwa nguvu! Sehemu za mwisho za msimu wa kumi zilimrudisha hata Mary, Biel mwenyewe akiwa ameshakuwa nyota wa sinema. Matt na Sarah wanatarajia mapacha wa kiume. Mary na mumewe Carlos, waliokuwa wakingoja talaka, wamepatana na wanatarajia mapacha wa kike. Lucy naye ana mapacha wa kiume tumboni. Ndiyo, jozi tatu kwa mpigo. Wapo waliocheka, na mimi nilikuwa mmoja wao, ila kama salamu ya kwaheri inaeleweka: mwandishi anayejua hatarudi hana haja ya kubakiza chochote. Aligawa baraka zote zilizokuwa kabatini.

Kisha akaambiwa arudi kazini.

Hapa ndipo ile milioni 7.56 inapohitaji kusomwa kwa makini. Dawn Ostroff, aliyetoka UPN kuja kuongoza vipindi vya CW, alikuwa na kituo kisicho na jina mbele ya watu, na mkutano wa Mei na wenye matangazo ulikuwa mlangoni. Kila msimamizi angetamani kipindi kinachojulikana nchi nzima, chenye watu waliokwisha kukizoea Jumatatu saa mbili kwa miaka kumi. Hilo silipingi. Lakini waliotazama tarehe 8 Mei hawakuwa watazamaji wa kila wiki. Wengi walikuwa watu waliokiacha kipindi tangu Mary alipokwenda Buffalo, waliokuwa na miaka 12 kilipoanza na sasa wana 22, wakaja kwa sababu waliambiwa ni mara ya mwisho. Umati wa matanga hauhesabiwi kama wapangaji wa nyumba ya marehemu. CW walihesabu hivyo.

Gharama ya kosa hilo haikuwa fedha peke yake. Ratiba ya CW ilikuwa na nafasi chache sana kwa tamthilia za familia, na WB ilikuwa na nyingine, Everwood, ya daktari mjane na watoto wake katika mji mdogo wa Colorado. Ilikuwa na misimu minne tu, wahakiki waliipenda kuliko 7th Heaven, na waigizaji wake vijana walikuwa bado katika umri wa kuzaa visa. Ikafutwa Mei hiyohiyo. Sehemu yake ya mwisho ilirushwa Juni 5. Mashabiki wa Everwood hawajawahi kuwasamehe akina Camden, ingawa akina Camden hawakuwa na hatia. Mimi ningechagua Everwood. Nasema hivyo bila kutegemea yaliyojulikana baadaye: tamthilia ya familia hupimwa kwa idadi ya watoto ambao bado wako nyumbani, na kwa kipimo hicho 7th Heaven ilikuwa imekwisha kabla WB haijaizima.

Msimu wa 11 ulianza Jumatatu, tarehe 25 Septemba 2006. Aliyefungua televisheni alikuta nini? Matt hayupo. Mary hayupo. Simon hayupo. Ruthie yuko Uskochi masomoni, na angerudi baadaye. Bajeti ilikuwa imebanwa, na ukiondoa mishahara ya waigizaji wakubwa umeondoa pia nusu ya meza ya chakula.

Halafu kuna mimba ya Lucy. Msimu unaanza tukielezwa kwamba imeharibika, watoto wamepotea. Beverley Mitchell aliigiza majonzi hayo vizuri, na kuna mazungumzo kati yake na baba yake ambayo ni ya kweli kuliko mengi ya msimu wa kumi wote. Hata hivyo nina shaka yangu kuhusu chanzo. Sheria za California zinamruhusu mtoto wa chini ya miezi sita kukaa mahali pa kupigia picha saa 2 tu kwa siku, na mbele ya kamera dakika 20. Ndiyo sababu Sam na David, walipokuwa wachanga, waliigizwa kwa zamu na watoto wanne waliozaliwa kwa mimba moja. Jozi ya Matt na jozi ya Mary hazikuwa na gharama, kwa sababu wazazi wao hawaonekani. Zilibaki kuwa habari za simu. Jozi ya Lucy ndiyo pekee ambayo ingepaswa kuonekana wiki hadi wiki. Sina haja ya kumsingizia mtu, lakini kati ya mimba tatu, iliyoharibika ni ile moja iliyokuwa na bei.

Nyumba iliyobaki na vyumba vitupu ikajazwa wageni: kijana asiye na makao anayeitwa T-Bone, wasichana wawili wenye midomo mirefu, mvulana mwingine asiyebanduka kwenye jokofu. Sandy, mama wa mtoto wa Martin, kijana aliyewahi kuishi kwa akina Camden, akapewa nafasi kubwa na masomo ya uchungaji. Kimantiki si vibaya, maana mchungaji hupokea watu. Lakini zamani mgeni alikuja na shida yake, akakutana na shida ya mtoto wa nyumbani iliyofanana nayo, na hapo ndipo kisa kilipokuwa. Sasa mgeni alikutana na wageni wenzake. Eric na Annie wakawa kama wasimamizi wa hosteli.

Uzi mkuu wa msimu ukawa moyo wa Eric. Alikwisha kufanyiwa upasuaji miaka ya nyuma. Safari hii anaambiwa ana miezi isiyozidi sita. Mtu anayejua kwamba atakufa na hataki mkewe ajue ni kisa kizuri, na kinalingana kabisa na sehemu ile ya kwanza ya 1996, ambapo watu wazima walificha habari za ugonjwa. Waandishi wangekishikilia hicho kimoja wangekuwa na msimu wa kukumbukwa. Wakakinyunyiza tu katikati ya vichekesho vya T-Bone, na mwishoni Eric akapona kwa namna ambayo hata muumini wa kweli angeomba cheti cha hospitali.

Kuhusu yale mambo mawili ya kituo, yanaelezeka kwa ufupi. La kwanza, CW waliiweka Runaway, tamthilia mpya ya familia inayotoroka sheria, mara baada ya 7th Heaven, wakitegemea akina Camden wamshike mkono mgeni. Runaway ikaondolewa baada ya sehemu tatu. La pili, Oktoba wakaihamisha 7th Heaven kutoka Jumatatu kwenda Jumapili ili vichekesho vipate Jumatatu. Labda mtu ofisini aliona mchungaji na Jumapili vinaendana. Lakini Jumapili saa mbili usiku ABC walikuwa na kipindi cha kuwajengea familia maskini nyumba, chenye machozi na maadili yaleyale, tena ya watu halisi. CBS walikuwa na The Amazing Race. NBC mwaka huo ndio walioanza kurusha mpira wa Jumapili usiku. Kwa mtazamaji ambaye katika miji mingi alikuwa ameshabadilishiwa namba ya chaneli WB ilipofungwa, kubadilishiwa na siku kulikuwa ni kumwambia alale tu.

Zilizoagizwa awali zilikuwa sehemu 13, zikaongezwa hadi 22. Kuna anayeuona huo kama ushahidi kwamba mambo hayakuwa mabaya. Nami nakubali kiasi: kwa kituo kichanga chenye mapengo ya ratiba, watu milioni 3.3 wa uhakika si haba, na zipo tamthilia mpya za CW zilizotamani kuwapata. Tatizo ni kwamba wenye matangazo waliahidiwa zaidi ya hao, na namba ya ahadi ilikuwa ile ya Mei.

Spelling hakuyaona haya. Alifariki tarehe 23 Juni 2006, wiki chache baada ya tamthilia yake iliyodumu misimu mingi kuliko zote kuongezewa maisha. Kwa idadi ya sehemu, 243, iliipita pia The Waltons iliyokuwa na 221, na kwa kipimo hicho CW waliipa kitu ambacho WB wangeinyima. Kwa upande wa marudio, sehemu 22 za nyongeza hazikubadilisha sana thamani yake. Kilichobadilisha kilikuja Oktoba 2014, vituo vya UP na TVGN vilipoyaondoa marudio hayo baada ya Stephen Collins, aliyeigiza Mchungaji Camden, kuhusishwa na udhalilishaji wa wasichana wadogo, jambo ambalo Desemba mwaka huo alilikiri mwenyewe kupitia jarida la People. Hicho ni kisa kingine, kizito kuliko hiki, na hakitoshi kwenye aya moja.

Sehemu ya 243 ilirushwa Jumapili, tarehe 13 Mei 2007, ambayo nchini Marekani ilikuwa Siku ya Mama. Safari hii hakuna mimba zilizogawiwa. Familia inapanda gari kubwa la kulala ndani na kuondoka Glenoak. Septemba CW wakaanza kuonyesha Gossip Girl, ya vijana matajiri wa New York wasio na mchungaji wala muda naye. Brenda Hampton akahamia ABC Family, ambako Julai 2008 alifungua tamthilia mpya kabisa: mwanafunzi wa miaka 15 anayerudi nyumbani na siri ya mimba, wadogo na wakubwa wote wakiwa bado wanalala nyumba moja. Iliendelea misimu mitano.